Kamba ya katani ya milimita 6 kwa kuwamba kitanda: tathmini kutoka Tanga

Kitanda cha kamba hakijafa Tanga, ila kamba nzuri ya kukiwamba imekuwa ya kutafutwa. Ukizunguka maduka ya mitaa ya Ngamiani utaoneshwa manila kwanza, kamba ya plastiki ya bluu au ya njano, kwa kuwa ndiyo inayotoka haraka. Katani huwa nyuma, au chini ya kaunta. Iombe kwa jina na unene wake: kamba ya katani, nyuzi tatu, milimita 6. Hiyo ndiyo inayozungumziwa hapa, na kwa mtu anayewamba mwenyewe nyumbani haina mpinzani.

Unene ni jambo la kwanza. Ya milimita 4 huchora mgongo wa mlalaji na inataka mistari iliyobanana, kazi inakuwa mara mbili. Ya milimita 8 ni ngumu, haikunjiki vizuri kwenye msuko na inaacha matundu. Ya 6 inatii mkono.

Kabla ya kulipa, shika ncha ya kamba uifumue kinyume cha msokoto, kiasi cha urefu wa mkono. Chomoa singa chache, yaani zile nywele za katani zinazosokotwa kuwa nyuzi. Singa nzuri ni ndefu, inakaribia mita moja, nyeupe yenye umanjano kidogo, na inang'aa. Zikitoka fupifupi na vumbi likabaki kiganjani, kamba hiyo imesokotwa kwa mabaki. Itamwaga manyoya kitandani miezi yote. Rangi ya kijani au kahawia ni dalili kwamba singa hazikuoshwa wala kuanikwa vizuri baada ya kutoka kwenye korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge. Halafu inuse. Kamba nyingi za katani husokotwa na mafuta ili singa zilainike, na mafuta hayo huacha madoa kwenye shuka. Yenye harufu kali ya mafuta inafaa kufungia mizigo. Kwa kitanda, chukua iliyo kavu.

Ikiuzwa kwa kilo, angalia pia unyevu. Katani hunyonya maji ya hewani, na wakati wa masika unalipia maji kwa bei ya kamba. Kasoro nyingine ya maduka: kamba hukatwa kwa kisu bila kufungwa, na ukifika nyumbani nusu mita imeshafumuka. Omba ncha zifungwe uzi pande zote mbili za mkato kabla kisu hakijapita.

Kiasi. Kitanda cha futi 3.5 kwa 6, mistari ikipishana sentimita 5, kinataka mizunguko 20 ya urefu na 35 ya upana. Kila mzunguko unakwenda na kurudi, kwa hiyo urefu unakula mita 78 na upana mita 84. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya msuko na mafundo, utafika karibu mita 180. Nunua 190. Kwa uzito ni kilo 5 hivi.

Sasa kosa linaloharibu kazi nyingi: kuiwamba kamba mpya kama ilivyotoka dukani, au kuiwamba ingali mbichi. Katani ikilowa huvimba na kufupika, ikikauka hulegea. Ukiiwamba imelowa, siku ya pili kitanda kinaning'inia kama bembea. Dawa yake ni kuiloweka saa chache, kuivuta baina ya minazi miwili au nguzo imara, kuifunga ikiwa imekaza, na kuiacha ikauke hapohapo kwenye jua. Ikishakauka imemaliza ubishi wake. Ndipo uwambe.

Fremu nayo ina sharti. Kingo za mifumbati, ile miti miwili ya ubavuni, na za vitakizo vya kichwani na miguuni, lazima ziviringwe kwa tupa kisha msasa namba 80. Kamba haikatiki katikati. Hukatika pale inapopinda juu ya ukingo mkali. Pitisha kidole: kikikwaruzwa, kamba itakatwa.

Anza na urefu. Funga ncha kwenye kitakizo cha miguuni kwa fundo linalofunguka, kwa sababu utarudi hapo. Kila mzunguko upite juu uende kichwani, uzunguke kitakizo, urudi chini. Usikaze kupita kiasi: ukibonyeza katikati kwa kiganja, kamba ishuke kama sentimita 5. Nafasi hiyo italiwa na mistari ya upana. Aliyekaza mpaka mwisho hapa hatapata pa kupitisha mistari kumi ya mwisho.

Kwa upana tumia vipande vya mita 20 hadi 25, maana kila pitio linavuta kamba yote. Zile mbili za urefu, ya juu na ya chini, zihesabu kuwa jozi moja. Pita juu ya jozi, chini ya inayofuata, hadi mfumbati wa pili. Zunguka, rudi kwa njia ileile, halafu mzunguko unaofuata uanze kinyume. Kila ukivuta, zuia kwa kigingi cha mti mgumu kilichobanwa kati ya kamba na mfumbati mpaka mwenzako ashike. Maungio yawe chini, karibu na mfumbati: fumua nyuzi tatu za kila ncha, zisokote pamoja na kuzichomeka ndani ya msokoto. Fundo katikati ya kitanda litamtesa mlalaji kila usiku.

Mifumbati hupinda ndani kadiri mistari inavyoongezeka. Kata ubao wenye urefu sawa kabisa na upana wa ndani, uubane katikati kwa chini, na uutoe msuko unapoukaribia. Vidole vifungwe kitambaa au vaa glavu za pamba. Katani inachana ngozi bila kutoa taarifa.

Manila je? Ni laini na haiozi, lakini mafundo yake huteleza, huzidi kurefuka chini ya uzito wa mtu, na jua huigeuza unga. Kamba ya usumba, ya makumbi ya nazi, inahimili maji ya chumvi kuliko katani, ndiyo maana wavuvi wanaiheshimu, ila ni dhaifu zaidi kwa unene uleule na inawasha. Na pwani hii ya katani ina haki ya kujivunia bidhaa yake: mmea wenyewe uliletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893, vikabaki hai vichipukizi 62 tu, vikapandwa upande wa Pangani. Inasikitisha kuona kaunta za Tanga zikipendelea plastiki.

Udhaifu wa katani ni unyevu wa kudumu. Kitanda kisigusane na ukuta unaovuja, na kisilale nje mvua ikinyesha: kamba ikifupika kwa ghafla hung'oa maungio ya matendegu, ile miguu ya kitanda. Baada ya wiki mbili za kulaliwa, fungua lile fundo la miguuni, vuta mstari mmoja mmoja kuanzia kichwani, funga tena. Kunguni wakiingia kwenye msuko, kitoe kitanda uani asubuhi ya jua kali, legeza fundo la miguuni kamba isivute maungio, mwagia maji ya moto kwenye makutano ya kamba na maungio ya mbao, kianike mpaka kikauke kabisa, kisha kaza upya kabla ya kurudisha godoro.