Gongo la besiboli: lipi ulinunue kwanza

Ukimwambia Mbongo unatafuta gongo, atakuuliza la lita ngapi. Mimi nasema lile la kupigia besiboli, linalotutoa jasho wazazi tuishio Marekani kila msimu unapokaribia.

Biashara hii ni kongwe. Mwaka 1876 Albert Spalding, mrushaji wa timu ya Chicago White Stockings, alifungua duka la vifaa vya michezo mjini Chicago pamoja na mdogo wake. Baadaye wakauza gongo la mti wa eshi lililoitwa Wagon Tongue, yaani ule mti mrefu wa mbele wa gari la farasi. Nani asingeamini mti uliovuta mizigo? Mpaka leo jina ndilo linalotutoa pesa mfukoni.

Kwa mtoto wa ligi ya mtaa, namba moja kwangu ni alumini. Halivunjiki ovyo, na bei yake inavumilika. Lakini tazama mhuri kabla ya rangi: tangu Januari 2018 ligi nyingi za watoto zinadai mhuri wa USA Baseball. Mimi niliuziwa lenye mhuri mwingine. Mwamuzi akaligeuza mara moja, akanirudishia. Kisha piga hesabu: urefu wa inchi 28 kwa uzito wa aunsi 18 ni "kutoa kumi", jepesi. Sekondari wanataka lenye mhuri wa BBCOR, ambalo ni kutoa tatu, na mtoto mdogo hataliweza.

La pili ni mepo, mti wa lile jani la bendera ya Kanada. Lilipata umaarufu hasa baada ya mchezaji Barry Bonds kupiga homurani 73 (mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote) mwaka 2001. Ni gumu, ila likipasuka hutoka vipande vikubwa. Kwa hiyo magongo ya mepo ya ligi kuu huwekwa tone la wino kwenye mpini: wino hufuata nyuzi za mti, na ukienda upande, gongo halifai. Dukani lisilo na tone, fuata nyuzi kwa jicho.

Eshi nimeliweka la tatu. Linanesa vizuri, lakini mdudu wa kijani anayetafuna miti hiyo ameifanya kuwa adimu.

Kompoziti, yaani la nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, mwisho: ghali, na kwenye baridi linaweza kupasuka.

Ukifika dukani, mwambie mtoto alishike kwa mkono mmoja, mkono umenyooka. Ncha ikianza kushuka kabla hujahesabu ishirini, lirudishe rafuni.