Uchambuzi wa Kitab al-I'tibar: Vita vya Msalaba vikisimuliwa na aliyeviishi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina Kitab al-I'tibar, kumbukumbu za maisha za Usama ibn Munqidh, tafsiri ya Kiingereza ya Paul Cobb, toleo la Penguin la mwaka 2008. Kama una hela ya kitabu kimoja tu kuhusu Vita vya Msalaba, nunua hiki.

Usama alizaliwa Shayzar, Syria, mwaka 1095, mwaka uleule Papa Urban wa Pili alipohimiza vita hivyo kule Clermont, Ufaransa. Akafariki 1188, mwaka mmoja baada ya Salahuddin kuikomboa Yerusalemu. Amepigana na Wafaranji, yaani Wakristo waliotoka Ulaya Magharibi, na wengine wao amewaita rafiki zake.

Ngoja nisogeze kamera, mwone ukurasa huu. Tabibu Thabit, Mwarabu Mkristo, anamtibu askari wa Kifaranji mwenye jipu mguuni. Dawa imekubali, jipu limepasuka. Mara anaingia tabibu wa Kifaranji: unataka kuishi na mguu mmoja, au ufe na miwili? Shoka likaletwa. Pigo la kwanza halikukata. La pili likamwaga uboho, mgonjwa akafa palepale. Na anayesimulia ni Thabit mwenyewe, Mkristo! Wakristo wa Mashariki ndio tunaowasahau kila tukizungumzia vita hivi. Usama hafichi pia kwamba Wafaranji walikuwa na tiba zilizofaa. Kuna jeraha baya la mguu lililopona kwa kuoshwa kwa siki kali.

Kisa ninachokipenda zaidi kiko Yerusalemu. Usama anaswali karibu na al-Aqsa, mahali alipopewa na watawa wapiganaji wa Templar. Mfaranji mmoja anamrukia, anamgeuza uso mashariki, walikoelekea Wakristo wakisali: sali hivi! Watawa wale wanamtoa nje, kisha wanamwomba Usama radhi: huyu ndio kwanza amefika kutoka Ulaya. Usama anasema wazi kwamba wageni ni wakali kuliko waliozoea kuishi na Waislamu. Mimi naamini hapo ndipo ilipo athari kubwa ya vita hivi: ujirani uliwabadilisha watu, ila kila jeshi jipya kutoka Ulaya lilileta chuki mpya.

Kasoro zipo. Visa vinarukaruka, na mwanzo wa hati ulipotea. Laana kwa Wafaranji nazo ni nyingi, jiandaeni. Mwanafunzi anayetaka tarehe kwa mpangilio atafute kitabu cha historia kwanza. Wengine anzeni na sehemu ya tabia za Wafaranji, ndipo mrudi mwanzo.