Klampu mita ya UT210E kwenye Porsche 911: inafichua nini, na inagota wapi

Karibuni tena, wapenzi wa magari. Mezani leo kuna klampu mita ndogo (mita ya umeme yenye mdomo unaobana waya), UNI-T UT210E, na hapa nyuma kuna Porsche 911 ya kizazi cha 996, zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Tunataka kujua kama kidude hiki cha betri mbili za AAA kinaweza kutafuta ugonjwa wa betri na chaji kwenye gari la namna hii, au ni hela ya kutupa.

Kwa wenye haraka: kinaweza, isipokuwa kwenye stata na uzima wa ndani wa betri. Wengine kaeni, maana kazi ipo kwenye namna ya kukitumia.

Tuanze na gari lenyewe. Injini iko nyuma, betri iko mbele, chini ya kifuniko cha plastiki karibu na kioo. Kwa hiyo umeme wa chaji unasafiri karibu urefu wote wa gari kabla haujafika kwenye betri. Kwenye gari la kawaida betri na altaneta (jenereta inayoichaji) ni majirani. Hapa zinaandikiana barua. Kila kiungo kilichoingia kutu njiani kinakula sehemu ya volti, na gari linaonyesha dalili zilezile za betri mbovu. Ndiyo maana utakuta mtu amebadilisha betri, akabadilisha altaneta, na gari bado linapiga stata kwa uvivu injini ikiwa ya moto.

Sasa, betri ikiisha kabisa, matoleo ya baadaye ya 996 yanakufungia nje, kwa sababu boneti la mbele linafunguka kwa umeme. Usichukue bisibisi. Fungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa mkono, toa kifuniko cha fyuzi pale miguuni, utaona kipini chekundu cha kuvuta. Kivute, kibane na chanya ya betri ya msaada, halafu hasi uishike kwenye chuma cha mlango, pale kufuli linapojishika. Alamu ikilia, isikutishe. Fungua boneti, basi. Usijaribu kuwasha injini kupitia hapo. Waya ule ni mwembamba, ni wa kufungulia tu.

Haya, kipimo cha kwanza hakihitaji klampu. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), gari likiwa limelala usiku kucha. 12.6 hadi 12.7 betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na 12.0 ni betri inayoomba chaja, hata kama gari linawaka. Ukipima mara tu baada ya safari utadanganyika: washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo usome.

Washa injini. Wakati stata inazunguka, volti za betri zisishuke chini ya 9.6. Ikishika moto, tunataka 13.8 hadi 14.5 kwenye nguzo za betri. Ongeza mzigo: taa kubwa, feni ya kiyoyozi, kioo cha nyuma cha kupasha joto, injini ikiwa mizunguko 2,000. Ikishuka chini ya 13.5 na kubaki hapo, kuna kitu.

Kitu gani? Hapa ndipo wengi wanakimbilia altaneta. Ngoja kwanza. Nendeni nyuma, mpime kwenye altaneta yenyewe, kwenye nati kubwa ya kebo ya chanya. Tazameni kioo hiki: nyuma 14.3, mbele 13.2. Altaneta inafanya kazi yake. Volti 1.1 zimepotelea njiani.

Ili kuona upotevu huo moja kwa moja, unahitaji waya mrefu, kwa sababu nyaya za mita hazivuki gari lenye zaidi ya mita nne. Waya mwembamba wa mita tano unatosha, kwa kuwa mita haivuti umeme wa maana. Weka fyuzi ya ampea 1 upande wa betri, usije ukagusa bodi ukaunguza waya. Mita ikiwa katikati, ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye nati ya altaneta, injini inanguruma, mizigo imewashwa. Ikizidi volti 0.5, kebo au viungo vyake ni vibovu. Rudia kwa upande wa ethi: nguzo ya hasi ya betri hadi kwenye chuma kitupu cha injini. Hapo 0.2 ndiyo mwisho. Kwenye 996 washukiwa ni kipande cha kebo kati ya altaneta na stata, ambacho kutu yake hujificha ndani ya kichwa kilichobanwa huku nje panang'aa, na mkanda wa ethi uliosukwa unaounganisha gia boksi na bodi. Gari lililoishi pwani, Mombasa au Dar, anza na huo mkanda.

Klampu sasa. Hapa UT210E inatetea bei yake. Ina ngazi tatu za mkondo: ampea 2, 20 na 100, na ile ya ampea 2 inasoma hadi miliampea 1, AC (umeme wa kubadilika, kama wa nyumbani) na DC. Klampu nyingi za bei ya chini zinapima AC tu, ambayo kwa betri ya gari haina faida yoyote. Soma boksi vizuri kabla hujalipa.

Faida yake kubwa ni kwamba hutoi nguzo ya betri. Ukitoa nguzo ili kupitisha mkondo ndani ya mita ya kawaida, unaamsha kompyuta zote za gari, redio nyingi zitakuomba namba ya siri, na ule uvujaji uliokuwa unautafuta huenda ukajizima. Klampu inakumbatia waya, haikati chochote.

Lakini ina tabia moja ya kuudhi: sifuri yake inahama. Angalieni kwa karibu. Nimeishika hewani, inasema 0.000. Nageuza mkono tu, 0.014. Bado hakuna waya ndani. Inasikia hata sumaku ya dunia na chuma kilicho jirani. Kwa hiyo isogeze karibu kabisa na kebo ya hasi, ielekeze vilevile itakavyokaa, bonyeza ZERO, ndipo uibane. Mdomo wake unafunguka milimita 17, kebo ya hasi inaingia bila shida. Kama kuna nyaya mbili kwenye nguzo ya hasi, zote ziingie. Kila baada ya dakika chache itoe, angalia kama sifuri bado ni sifuri. Ukipuuza hilo utakimbiza mzimu wa miliampea 30.

Funga gari kwa rimoti, kufuli la boneti ulibonyeze kwa bisibisi ili gari liamini limefungwa na taa ya ndani izime. Subiri dakika 40. Kompyuta zinalala moja moja, utaona namba zinashuka kwa ngazi. Ikitulia chini ya miliampea 50, gari ni zima. Kwa betri ya Ah 70, miliampea 40 zinachukua wiki tano kuila nusu. Ikitulia kwenye ampea 0.5, nusu hiyo inaisha ndani ya siku tatu.

Kutafuta mwizi, usichomoe fyuzi. Ukichomoa na kurudisha unaamsha kompyuta tena. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vidoa viwili vya chuma mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Fyuzi ya ampea 10 ikionyesha milivolti 1, hapo panapita kama miliampea 130.

Wezi wa kawaida kwenye gari hili ni wawili. Wa kwanza ni swichi ya iginisheni, kile kipande cha plastiki nyuma ya kitasa cha ufunguo. Kikipasuka, ufunguo haurudi vizuri baada ya kuwasha, feni ya kiyoyozi inagoma mpaka uurudishe kidogo kwa kidole, na ukizima baadhi ya vitu vinabaki macho. Kinashikwa na skrubu mbili ndogo zilizopakwa rangi, na ni rahisi kuliko altaneta mara nyingi. Wa pili ni kwa wenye kabrioleti: boksi la alamu lililo chini ya kiti. Mifereji ya maji ya turubai ikiziba, zulia linalowa, boksi linaoga. Inua zulia, ligandamize kwa kiganja.

Na kama 14.3 hazionekani hata kwenye altaneta? Angalia mkanda unaoizungusha, kisha regulata (kidhibiti cha volti). Kwenye altaneta ya Bosch regulata na brashi ni kipande kimoja kinachotoka kwa skrubu. Brashi zikibaki chini ya milimita 5 kibadilishe, huhitaji altaneta nzima. Volti za AC kwenye altaneta zikizidi 0.5 injini ikiwa inawaka, dayodi imekufa, na hiyo ni kazi ya benchi.

Inapogota sasa. Ampea 100 ndiyo mwisho wake, na stata ya injini hii inapita hapo kwa mbali. Kioo kitaandika OL, yaani imezidiwa, na hujajua kitu. Altaneta ni ya ampea 120, nayo inaweza kuipita ikibanwa sana, ingawa kwa matumizi ya kawaida haifiki. Kwa stata ama tafuta klampu ya ampea 400 au 600, ama tumia ule waya mrefu: pima kutoka chanya ya betri hadi nati ya stata wakati inazunguka, isizidi 0.5. Mimi ningebaki na waya.

Pia haiwezi kukwambia uzima wa betri. Betri yenye 12.6 inaweza kuwa imechoka ndani. Kwa hilo kuna vile vipima-betri vidogo vinavyosoma ukinzani wa ndani, ila kosa linalorudiwa ni kipimo: kama lebo ya betri imeandikwa 640 A EN, chagua EN (kiwango cha Ulaya) kisha 640. Ukiacha kwenye viwango vingine, SAE au JIS, majibu yatakuwa ya betri nyingine.

Ukithibitisha ni kebo, toa hasi ya betri kwanza kwa spana namba 10, na boneti libaki wazi. Nati ile ya altaneta ina umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni.