Mafundi wa Lamu, tahadhari na lehemu hii ya "60/40"

Mafundi wenzangu wa simu, redio na sola, hapa kisiwani na ng'ambo Mokowe: kuna kijana anapita maduka ya Langoni na begi la waya wa lehemu, gramu 100 kwa shilingi 350. Lebo inasema 60/40, milimita 0.8, flaksi ndani, yaani ule utomvu unaosaidia lehemu itandae na kushika. Nilichukua roli tatu. Bei ilinivuta, sikatai.

Ya kwanza niliitumia kwenye redio ya mashua ya mzee mmoja mvuvi. Pasi ya kulehemu niliipandisha hadi nyuzi 350. Waya uliyeyuka lakini haukutandaa, ukajikusanya vidonge vidonge juu ya bodi. Siku ya tano mzee huyo mlangoni, redio kimya. Nilivuta waya wa betri kidogo tu kwa koleo, ukang'oka na kidonge chake kizima. Pesa zake nilimrudishia. Maneno aliyonipa mbele ya wateja, hayo nimebaki nayo.

Nikaukata ule waya kwa wembe. Ndani hakuna flaksi hata chembe! Ndiyo maana sikusikia ile harufu ya utomvu tuliyoizoea.

Sasa, 60/40 ya kweli ni bati asilimia 60 na risasi 40. Huanza kuyeyuka nyuzi 183, na ikifika 190 hivi imekuwa maji. Nikashusha pasi hadi 230. Kipande changu cha zamani kikatiririka. Hiki kipya kikawa kama uji mzito, hakimiminiki. Risasi tupu huyeyuka 327, na ikizidi hivi kwenye lehemu hutaka moto zaidi, kwa hivyo nina hakika bati limepunjwa, maana bati ndilo lenye bei.

Msichanganye na lehemu isiyo na risasi. Hiyo nayo huyeyuka juu zaidi, 217 hadi 227, na haing'ai sana, lakini si feki, na huandikwa wazi. Ile ya mafundi bomba yenye asidi, hata ukipewa bure usiitie kwenye bodi. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, shaba itaota kijani mapema.

Akifika kwako, mwambie ayeyushe hapo hapo kwa nyuzi 230. Aliporudi kwangu nilimwomba hivyo, akasema anawahi boti. Roli mbili bado ninazo, hazijafunguliwa. Anayetaka kuiona lebo asije akauziwa, apite.