TAHADHARI: Priampu ya besi ya "tyubu halisi" ambayo tyubu yake haijaunganishwa na kitu chochote

Wapiga besi wenzangu, naomba dakika chache kabla hamjatuma hela kwa mtu anayeuza priampu (kisanduku cha kutengeneza toni ya besi kabla haijafika kwenye ampu au miksa) au ampu ya besi mtandaoni. Nimetapeliwa. Muuzaji hakuchukua hela akatoweka. Mzigo ulifika, umefungwa vizuri, na ukiuwasha unatoa sauti. Ndiyo maana ilinichukua wiki mbili kugundua, na ndiyo maana naamini wapo wengine wenye kisanduku kama changu ambao mpaka leo hawajui wamenunua nini.

Niseme kwanza nilikuwa natafuta nini, kwa sababu muuzaji huyu anajua vizuri sana tunachotafuta. Bendi yetu inapiga kila kitu. Wimbo mmoja ni rege, nataka besi nene, imejaa chini, haina makali juu. Unaofuata ni fanki ya kupiga kwa dole gumba, hapo nataka kila mguso usikike na sauti za katikati zipungue kidogo. Kisha inakuja roki, na besi inatakiwa ikwaruze bila kupoteza uzito wake. Siwezi kubeba ampu tatu. Nilitaka priampu moja niweke kwenye begi la gitaa, nifike, nichomeke kwenye miksa, nipige.

Tangazo lake lilinigusa palepale: "Tyubu halisi ya 12AX7, toni zote za besi ndani ya kisanduku kimoja." Tyubu ni kichupa cha kioo kinachokuza sauti, na 12AX7 ni aina yake mojawapo. Picha ilionyesha kidirisha kidogo kwa mbele na tyubu ikiwaka rangi ya chungwa. Nilimwandikia, akajibu papo hapo, kwa upole kabisa. "Karibu sana kaka, imebaki hii moja tu, kuna mwenzako ameomba nimshikie mpaka jioni." Nikauliza kama naweza kuirudisha nisiporidhika, akasema nisiwe na wasiwasi. Halafu akaniomba nimlipe moja kwa moja, nje ya utaratibu wa malipo wa soko lile la mtandaoni, ili tukwepe makato. Nililipa. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo siwezi kulirekebisha, kwa sababu soko liliponisikiliza baadaye lilinijibu kwamba malipo hayo hayakupita kwao na hayawahusu.

Kabla ya kulipa alinitumia video. Nimeitazama tena mara nyingi tangu siku ile, na sasa naona nilichopaswa kukiona mara ya kwanza. Mkono wa kulia unadonoa uzi mwembamba kabisa, uzi wa G, lakini noti inayosikika ni E ya chini. Toni inabadilika kutoka safi kwenda ya kukwaruza huku hakuna mkono uliogusa nobu hata moja. Sauti ilirekodiwa mahali pengine, kwa kifaa kingine, ikabandikwa juu ya picha. Nilikuwa nimetazama kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye gari, nikavutiwa na ile taa ya chungwa.

Na hapo kwenye simu niongeze neno, maana wengi tunanunua hivyo. Uzi wa E wa besi ukipigwa wazi ni takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Kwenye besi ya nyuzi tano, uzi wa B unashuka mpaka hezi 31 hivi. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa masafa hayo. Unachosikia ni sauti za juu zinazoambatana na noti hiyo, za hezi 82, 123 na kuendelea, na ubongo unajijazia sehemu iliyokosekana. Kwa hiyo priampu inayokata sehemu yote ya chini na ile inayoipitisha vizuri zinaweza kufanana kabisa kwenye simu. Tumia hedifoni nzuri au spika kubwa, la sivyo video hiyo haijakueleza lolote kuhusu besi.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa studio tunayorekodia. Nilichomeka kisanduku, nikawasha, nikapiga noti. Akageuka akaniuliza, "Mbona imetoa sauti hapo hapo?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba ndani ya tyubu kuna waya mwembamba ambao lazima upate moto kwanza, ndipo elektroni zianze kutoka na sauti ipite. Inachukua sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Changu kilikuwa kinaongea mara tu unapobonyeza swichi.

Akachukua adapta yangu akaisoma kwa sauti: volti 9, miliampia 100. Akachukua karatasi. Waya wa kupasha moto ndani ya 12AX7 unataka volti 6.3 na miliampia 300, au ukiunganishwa kwa njia nyingine, volti 12.6 na miliampia 150. Kwa vyovyote vile ni karibu wati 1.9, na hiyo ni ya kupasha moto tu, bado kazi nyingine. Adapta yangu inatoa wati 0.9. Yaani stika iliyobandikwa kwenye adapta, ambayo nilikuwa nayo mkononi siku zote, ilikuwa inaniambia ukweli.

Tulifungua. Skrubu nne. Chini ya tyubu kulikuwa na kijitaa cha LED cha rangi ya chungwa kilichogandishwa kwa gundi. Tyubu yenyewe ilikuwa ya kweli, ina miguu yake tisa, imechomekwa kwenye soketi, lakini kutoka kwenye soketi ile hapakuwa na waya wala njia yoyote iliyokwenda popote. Fundi akaniambia nipige E niishikilie. Nikapiga. Akaing'oa tyubu taratibu, noti ikiwa bado inalia. Haikutetereka hata kidogo. Akaniwekea tyubu kiganjani, na ilikuwa baridi, baada ya nusu saa nzima ya kupiga.

Kilichoniuma zaidi ni nobu ya kuchanganya, ile ambayo kwa mpiga besi ndiyo moyo wa kifaa chenyewe. Ukiikwaruza sauti ya besi, mara nyingi sehemu ya chini inabanwa na kupotea. Nobu hiyo inakuwezesha kurudisha sauti safi kando ya ile iliyokwaruzwa, uzito unabaki na makali unayapata. Niliinunua priampu hii kwa ajili ya nobu hiyo. Ndani ilikuwa imesimama peke yake. Inazunguka, ina alama zake, haina waya hata mmoja. Wiki mbili nilikuwa naizungusha jukwaani nikidhani masikio yangu ndiyo yana shida.

Tafadhali, mtu asinielewe vibaya akaenda kufungua ampu yake ya tyubu nyumbani ili kuhakikisha. Ampu ya tyubu ya kweli ina mamia ya volti ndani, na kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Inaua. Mpelekee fundi anayezijua.

Tena silalamiki kwamba kifaa hakina tyubu. SansAmp, priampu ya kampuni ya Tech 21 iliyotoka mwaka 1989, haina tyubu hata moja na watu wamerekodi nayo miaka mingi kwa heshima zote. Ningeambiwa kisanduku hiki ni sakiti ya kawaida yenye nobu tatu za toni, ningeamua nikijua ninachonunua, na ningelipa bei inayolingana nacho.

Muuzaji huyohuyo anauza kichwa cha ampu (ampu isiyo na spika yake) anachokiita cha wati 800. Mwenzangu mmoja alikinunua kabla hatujajuana, tukakutana baadaye tukagundua kuwa maneno ya kwenye jumbe zetu ni yaleyale. Chake kinatumia adapta ya nje ya volti 24, ampia 5. Zidisha: wati 120. Adapta hiyo haiwezi kuilisha ampu zaidi ya hapo mfululizo, na sehemu ya umeme huo inaishia kuwa joto, hivyo kinachofika kwenye spika ni pungufu zaidi. Hizo 800 hazina mahali pa kutoka. Mazoezini, mpiga ngoma akianza tu, E ya chini inasambaratika na kubaki mkoromo.

Ampeg SVT, ampu ya besi ya mwaka 1969, ilikuwa ya wati 300, na ili kuzipata ilihitaji tyubu sita kubwa za kusukuma spika na transfoma nzito. Siku hizi ampu za daraja la D, zisizopoteza umeme mwingi kwa joto, zinatoa mamia ya wati zikiwa na kilo chache tu, kwa hiyo msimkatae mtu kwa sababu ampu yake ni nyepesi. Lakini wati lazima zitoke kwenye umeme unaoingia. Uliza stika ya umeme inasema nini, na uliza wati ni za mfululizo au za kilele, na kwa omu ngapi, yaani upinzani wa spika. Anayetaja wati bila omu bado hajakwambia kitu, kwa kuwa ampu nyingi za transista, zisizotumia tyubu, hutoa nyingi zaidi kwenye omu 4 kuliko kwenye omu 8.

Nikinunua tena, nitadai video moja isiyokatwa. Ianze kifaa kikiwa kimezimwa, karatasi yenye jina langu na tarehe iwe pembeni, kiwashwe, na kila nobu izungushwe mwanzo hadi mwisho huku noti ileile ikipigwa. Nione stika ya adapta. Nione nyuma. Anayeuza kitu chake cha kweli atafanya hivyo kwa dakika tano. Niliomba hivyo kwa wauzaji wengine wawili tangu hapo, na wote walituma siku hiyohiyo bila kununa.

Na maswali mawili ambayo mtu asiyejua anachouza hawezi kuyajibu: upinzani wa kuingilia ni kiasi gani, na njia ya kwenda kwenye miksa ikoje. Pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za kawaida zisizo na betri zinataka megaomu 1 hivi, kwani ukichomeka kwenye kifaa chenye upinzani mdogo sana sauti za juu zinafifia na utadhani nyuzi zako zimezeeka. Njia ya kwenda kwenye miksa iwe ya XLR (tundu la miguu mitatu kama la maikrofoni) iliyo balansi, yaani inayopunguza kelele za waya, yenye swichi ya kukata ethi kwa ajili ya mvumo, na iwe inastahimili volti 48 ambazo miksa nyingi hupeleka kwa ajili ya maikrofoni. Yangu ilikuwa na tundu la XLR, ila ndani miguu miwili kati ya mitatu ilikuwa imelehemiwa pamoja.

Nililalamika kwenye soko, akaunti yake ikafutwa. Wiki mbili baadaye nimeona tangazo jingine, jina jipya, picha ileile. Mtaijua kwa mkwaruzo mfupi kwenye kona ya chini kushoto, karibu na skrubu, na kwa sentensi ile ya toni zote za besi ndani ya kisanduku kimoja. Ataanza na upole, ataleta mteja wa jioni, kisha ataomba mmalizane nje ya soko.

Kama tayari una kisanduku cha namna hii, kizime kikae robo saa, kiwashe, piga noti papo hapo. Kikiongea bila kusubiri, kiache kiwake nusu saa kisha gusa kioo cha tyubu, kama kinafikika bila kufungua kitu. Kikiwa baridi, usikitupe na usimwandikie muuzaji kwa hasira. Hifadhi jumbe zote kwanza, kabla hajazifuta, piga picha kisanduku, adapta na bahasha ya usafirishaji, kisha wasiliana na benki au huduma uliyolipia leo hii. Muda wa kupinga malipo huwa una kikomo, na mimi nilichelewa kwa sababu nilikuwa bado nazungusha nobu isiyo na waya.