L'Avare ya Molière hapa Lubum: Harpagon tunamujua, lakini mwisho bali­kimbiza

Sitaki kuzunguka: hii njo teatre ya muzuri niliona mu Lubumbashi tangu mwaka ianze, na bado niko na kasirani juu ya bintu mbili tatu. Bileti 10.000 FC, affiche ilisema saa kumi na moja ya mangaribi, balianza giza imekwisha kuingia, ile tumeizoea, tupite.

Bale benye habakusoma L'Avare ku masomo (ao balisoma na balisahau, kama bengi betu): Harpagon ni muzee tajiri, bibi yake alikufa, alizika ecu 10.000 (makuta ya zamani ya Ufaransa) mu bustani na anashindisha njaa batoto, batumishi, ata bafarasi. Anataka kuoa Mariane, kabinti kadogo, kumbe mutoto wake Cléante njo anamupenda. Molière, mwandishi wa teatre wa Ufaransa, aliicheza mara ya kwanza ku Paris mu 1668, ye mwenyewe njo alikuwa Harpagon.

Sasa hii trupe ilifanya kintu ya akili: batajiri banasema Kifaransa ya Molière, batumishi banasema Kiswahili ya hapa, ile ya komini ya Kenya na Katuba. Nilikuwa na woga kidogo, juu hii ni muji ya Mufwankolo, ule muchekeshaji, tulikomaa na sketch ya Kiswahili ku televizio, ukitaka kutuchekesha mu Kiswahili inaomba kichwa. Balikuwa nayo. Wakati Harpagon anamusachi La Flèche, mutumishi wa Cléante, anasema onyesha mikono, kijana anaonyesha, kisha muzee anasema onyesha na zile zingine. Yule kijana alimuangalia, akageuka polepole, akaanza kutafuta kunyuma yake kama kweli kuna mikono ya tatu ilibakia kwenye kiti. Sale yote chini. Na alikuwa anachechemea tangu mwanzo mpaka mwisho, sawa vile inaandikwa, juu Louis Béjart mwenye alicheza ile rolo wakati ya Molière alikuwa anachechemea kweli.

Lakini pale bantu balipiga kelele ni mu mambo ya deni. Cléante anatafuta kukopa livre 15.000, mukopeshaji mwenye kujificha anakubali kutoa 12.000 za mukononi, ile ingine achukue mu bintu: kitanda ya zamani, gitare ya kizungu ya kale, na ngozi ya kenge ya kujazwa majani makavu. Faida, ukihesabu yote, inapita kidogo 25 ku mia. Mutu mumoja kule nyuma akaita «Banque Lambert!», vile tunaita hapa bakopeshaji ba faida kali, na ikakuwa kicheko ya dakika nzima, aktere alisimama tu anangojea, na alifanya muzuri kungojea. 25 ku mia kwa mwaka, wee, Lambert wa hapa akisikia ile bei atasema huyu muzungu anagawa sadaka. Kisha Cléante anavumbua mukopeshaji mwenyewe njo baba yake. Hapo habakucheka sana. Nilisikia paka «eeeh» moja ndefu.

Maître Jacques alikuwa muzuri, ni mupishi na ni mwenye kuongoza bafarasi, akiulizwa kazi ya jiko anavaa nguo ya jiko, akiulizwa ya bafarasi anavua anavaa ingine, alifanya ile na jasho ya kweli. Mama mwenye alicheza Frosine, ule mwenye kupanga ndoa, naye, anaapia Harpagon eti Mariane hapendi bijana, alikataa bwana juu iko na miaka 56 tu na havae malunette, alisema ile na uso kavu kabisa, unaona mama wa soko mwenye anakuuzisha tomati ya jana.

Na kisha ile makuta ya mu bustani inaibiwa. Harpagon aliingia anapiga kelele mu Kifaransa, akajikamata mukono ye mwenyewe, «nimekukamata mwizi!», akaangalia ule mukono, akaona ni yake, na kutoka hapo Kifaransa ikamuisha. Kiswahili tupu. Makuta yangu masikini, rafiki yangu, balikuondoa kwangu. Akashuka mu sale, akafungua sakoshi ya mama mumoja wa mustari ya mbele, akachungulia na tochi ya simu, akarudisha. Sijaona aktere wa hapa akashika bantu vile na bila kuzidisha.

Sasa kasirani. Mikro ya Cléante ilikuwa inakata kila sentensi mbili na hakuna mutu alikuya kumutolea. Halafu ile ya dot, mali ya ndoa. Harpagon anafurahia Anselme, muzee tajiri, atachukua binti yake Élise bila dot, juu kule kwabo zamani baba wa binti njo alikuwa analipa. Hapa kwetu bwana njo analipa, kwa hiyo mama kunyuma yangu aliuliza kwa sauti, baba gani mubahili anaachilia dot? Iko na haki! Maître Jacques angetupa sentensi moja ya Kiswahili ingemalizika, balikuwa na dawa mu mukono na habakuitumia.

Na akte ya tano, balikimbia. Anselme kumbe ni baba ya Valère, muchumba wa Élise, na ya Mariane, balipoteana mu bahari, ni mambo ya kushangaa, inaomba nafasi ili bantu bacheke ile bahati ya uongo. Bali­itapika mu dakika kidogo, nafikiri juu jenereta ilikuwa inakohoa.

Banasema batarudilia. Mukienda mukale mbele, kule nyuma mutapata paka nusu ya maneno, na mukule kwanza, chikanda ya pale inje inaisha haraka.