Kinga za goti na kiwiko za kushukia mteremko kwa skateboard: nunua ipi, acha ipi

Jozi yangu ya kwanza ilikufa Jumamosi moja kabla ya saa sita mchana. Gamba la plastiki lilikuwa zima, halina hata ufa. Kilichokatika ni uzi. Mshono wa ukanda wa chini ulikuwa umepita juu ya kitambaa, pale pale goti linapogusa lami. Baada ya kuburuzika mara nne uzi ukasagika, ukanda ukaning'inia, kinga ikazunguka hadi nyuma ya mguu. Mara ya tano nilipiga goti tupu. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Hii ni ngumu, bro, piga nyundo uone." Nami nikapiga nyundo kweli, mbele ya wateja wengine. Mshono sikuutazama.

Wanaocheza kwenye rampu, kama pale Shangilia huko Kangemi, Nairobi, hupiga magoti na kuteleza juu ya zege iliyosuguliwa ikalainika. Lami ya barabara ni msasa. Ukishuka kwa kilomita 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na ukianguka unaweza kuburuzika mita ishirini na zaidi. Kwa hiyo kinga ya mteremko ina kazi mbili: kupokea kishindo, kisha kuteleza bila kukwama. Sponji hufanya ya kwanza, gamba gumu hufanya ya pili. Kitambaa kikitangulia kugusa lami kinang'ang'ania, nawe unabingirika. Wanaoshindana huvaa suti za ngozi zenye kinga ndani. Hapa nasema na wewe unayejifunza kuteleza na ubao huku mkono wenye glovu ukigusa lami, unayeshuka wikendi na marafiki.

Nafasi ya kwanza, bila mjadala: kinga nene za rampu zenye gamba la kubadilisha. 187 Killer Pads, TSG, Triple Eight na Smith Scabs wote wana kinga nene za aina hii, ila si kila modeli yao hubadilishwa gamba, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kulipa. 187 na Smith Scabs huuza magamba peke yake, na hapo ndipo pesa yako inapookolewa: gamba likilika unanunua gamba, hununui jozi nzima. Tegemea dola 50 hadi 100 kwa magoti tu, kabla ya usafiri na ushuru. Ni kubwa, zina joto, na ukitembea nazo dukani unafanana na mlinda mlango aliyepotea uwanja. Vumilia.

Nafasi ya pili ni kinga za baiskeli za milimani zenye gamba gumu juu na sponji iliyopimwa ndani. Ni nyembamba, huingia chini ya suruali, na huwezi kuzilalamikia siku ya joto. Tafuta lebo ya EN 1621-1, kipimo cha Ulaya ambacho asili yake ni kinga za waendesha pikipiki: kinga hupigwa kwa nishati ya jouli 50, kisha hupimwa ni nguvu kiasi gani imepenya. Kiwango cha 1 kinaruhusu wastani wa kilonyutoni 35, cha 2 kinaruhusu 20 tu. Kwa hiyo kiwango chenye namba kubwa ndicho kizuri. Ukikuta EN 14120, hiyo ni ya michezo ya magurudumu, na herufi C ni ya mtu mwenye zaidi ya kilo 50. Usimnunulie mtu mzima yenye A kwa sababu rangi imekupendeza.

Tatu ni zile ndefu za boda boda, zinazofunika goti hadi ugoko. Zinapatikana kila mahali panapouzwa vipuri vya pikipiki, na bei yake haiumi. Tatizo ni ribiti: vichwa vyake vimechomoza juu ya plastiki, lami inavinyoa, kisha gamba linaachana na mkanda. Sponji nayo huwa nyembamba kama ya ndala. Kwa kuanzia, kwenye mteremko mfupi, zinafaa kuliko kutokuwa na kitu.

Soksi za goti zenye pedi laini inayokakamaa ikigongwa, kama za G-Form, naziweka ya nne. Zimekusudiwa zaidi kwa baiskeli, na huko zinasifiwa kwa haki. Chini ya suruali nzito ni sawa. Zikigusa lami zenyewe, kitambaa hakidumu. Seti za watoto za vipande sita, kinga za voliboli na za mafundi vigae hazina nafasi hapa.

Viwiko usivitumilie pesa nyingi. Ukijifunza kuanguka vizuri, magoti na glovu ndivyo vitakavyokula lami. Chagua kinga ya kiwiko yenye gamba linalozunguka pembeni kidogo, maana mtu haangukii ncha ya kiwiko, huangukia ubavu wake. Ya bei ya kati inatosha.

Sasa saizi, ambayo imewaumiza wengi kuliko ubora. Pima kwa futi ya fundi cherehani mzunguko wa paja juu kidogo ya goti, na wa mguu chini yake, ulinganishe na jedwali la kampuni husika. M ya huyu si M ya yule. Zikifika, vaa, chuchumaa mara kumi, piga magoti, kisha shika ukingo wa juu wa kinga uvute chini kwa nguvu. Ikishuka zaidi ya upana wa kidole kimoja, rudisha. Inayobana hadi vidole vya mguu kufa ganzi nayo irudishwe.

Kwenye soko la Gikomba, Nairobi, unaweza kuokota nzuri sana kati ya mitumba ya michezo. Mikwaruzo kwenye gamba isikutishe. Kinachotisha ni mistari myeupe kuzunguka matundu ya ribiti, hapo ufa unakuja. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikibaki na shimo au ikitoa unga, iache. Velkro iliyojaa nyuzi haijafa, chokonoa kwa sindano.

Na hata ukinunua mpya, kabla ya kuivaa ipeleke kwa fundi viatu. Mwambie apitishe uzi wa nailoni uliopakwa nta kwenye mishono yote ya mikanda, na pale uzi unapotokeza mbele aufukie chini ya kipande cha ngozi. Wangu alinitazama, akaigeuza ile kinga mara mbili, akauliza kama ni ya kuchezea au ya kuswalia.